Si kila la kweli ni halali kutangazwa

Umezuka miongoni mwetu mtindo wa kuyafanya maisha ya wenzetu kuwa bidhaa ya sokoni. Ndoa ikivunjika, mja akiugua, msichana akipata mimba au deni likichelewa kulipwa, habari hizo huandikwa, huambatishwa picha na kutawanywa kwa maelfu ya watu kabla mhusika hajapata hata fursa ya kujifuta machozi. Mwandishi wa habari hizo akiulizwa sababu ya kutenda hivyo, jibu lake huwa fupi: “Kwani nimesema uongo?” Jibu hilo huwaridhisha wengi. Hata hivyo, halina mashiko mbele ya sheria, na mbele ya utu halina mashiko kabisa.

Sheria zetu hutofautisha makosa mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni kashfa, yaani kutangaza uongo unaomshushia mtu hadhi yake. Katika kesi ya kashfa ukweli ni ngao. Anayeshtakiwa akithibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli tupu, mlalamishi hurudi nyumbani mikono mitupu. Kosa la pili ni kuingilia faragha ya mtu. Hapa ukweli hauwi ngao bali ndio kisu chenyewe, kwa kuwa siri iliyofichuliwa huumiza hasa kwa sababu ni ya kweli. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa bila sababu habari za familia yake na mambo yake ya binafsi. Kifungu hicho hakiulizi iwapo habari ni za kweli au za uongo. Kinachouliza ni iwapo palikuwa na haja ya kuzifichua.

Mimi ni mwanaisimu, si wakili, na ningependa kuzitazama hila mbili za lugha ambazo waandishi hao huzitumia wakidhani zitawaokoa. Hila ya kwanza ni ya kutotaja jina. Mtu huandika juu ya “mwalimu mmoja mrefu wa hesabu katika shule iliyo karibu na mto”, kisha akalala usingizi mnono. Mahakama haziutambui ujanja huo. Katika kesi ya kashfa, si lazima jina litajwe. Inatosha wanaomfahamu mhusika waweze kumtambua kutokana na maelezo. Hapa sheria imeafikiana na wahenga wetu waliosema kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Watu wa pwani, ambao wametumia methali za kanga kusemezana na hata kusutana bila kutajana, wanalijua hilo tangu jadi. Asiyetajwa hujijua, na majirani pia humjua.

Hila ya pili ni ya vitenzi. Kiswahili kimetujalia maneno kama “inasemekana”, “yadaiwa” na “wasema wasemao”. Maneno hayo humwondoa mtendaji katika sentensi, na kwa kweli yana kazi yake muhimu katika uandishi. Lakini hayawezi kumwondoa mwandishi mahakamani. Anayerudia kashfa aliyoisikia kwa mwingine huhesabiwa kuwa ameitangaza yeye mwenyewe. Kusema “nami nimepokea tu” ni maelezo ya njia ambayo uvumi umepitia, wala si utetezi. Anayebonyeza kidole na kuupeleka ujumbe wa watu kwa watu wengine naye yumo katika mkumbo huo huo.

Walimu wenzangu wasidhani kwamba mambo haya yanawahusu waandishi wa udaku pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua picha, sawa na jina, afya na familia ya mtu, kuwa data yake ya kibinafsi, na inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo, ukumbi mmoja wa burudani ulitozwa Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Tatizo halikuwa uongo wa picha hizo. Lilikuwa kwamba wenyewe hawakuulizwa. Basi na afikirie mwalimu anayempiga picha mwanafunzi aliyeadhibiwa, au anayebandika hadharani orodha ya watoto ambao wazazi wao hawajalipa karo. Afikirie pia mwanafunzi anayesambaza barua ya mapenzi ya mwenzake. Zaidi ya hayo, Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao imefanya kusambaza picha za siri za mwili wa mtu kuwa jinai ambayo adhabu yake yaweza kuwa kifungo.

Kuna wanaohofia kwamba sheria hizi zitakuwa kamba ya kuwafunga wanyonge midomo, na hofu yao ina msingi. Mwaka 2016, katika kesi iliyowasilishwa na Geoffrey Andare, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwashtaki watu kwa yale waliyoyaandika. Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba kumfunga mtu kwa kosa la kashfa kunakiuka Katiba. Nayaunga mkono maamuzi hayo bila kusita. Gereza si dawa ya ulimi. Lakini kilichoondolewa mwaka 2017 ni kifungo, fidia ingalipo. Aliyekashifiwa angali na haki ya kwenda mahakamani katika muda wa miezi 12, na aliyevunjiwa faragha aweza kumlalamikia Kamishna wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo.

Mpaka basi uko wapi? Kwa maoni yangu, tujiulize iwapo habari inahusu cheo au inahusu kitanda. Mkuu wa shule akila pesa za chakula cha wanafunzi, hiyo si faragha. Aandikwe kwa jina lake, pamoja na ushahidi. Mkuu huyo huyo akitengana na mkewe, hilo ni lao wawili. Anayejificha nyuma ya faragha ili kulinda wizi anaitusi faragha, kama vile anayejificha nyuma ya uhuru wa kusema ili kumwaibisha jirani anavyoutusi uhuru. Kifungu cha 33 cha Katiba, ambacho ndicho kinachotupa uhuru huo, chenyewe kinamtaka anayeutumia aheshimu haki na hadhi za wengine.

Lugha yetu ilikuwa na msamiati wa mambo haya kabla ya kuwapo kwa kamishna yeyote. Tunasema kumsitiri mtu, yaani kumfunika asionekane uchi. Na stara ni neno la mavazi na la heshima kwa pamoja. Twafundisha darasani insha za kila aina, lakini ni mara ngapi tunamwuliza mwanafunzi kama anayemwandika ameridhia kuandikwa? Swali hilo lastahili nafasi katika kila somo la uandishi, kando ya sarufi na tahajia. Kosa la tahajia hufutwa kwa kalamu nyekundu. Aibu ya mtu iliyokwisha kusomwa na kijiji kizima haifutiki, hata hakimu akiamuru mamilioni ya fidia.