Nani Anakutandikia Kitanda Ukipumzika?



Wiki jana mzee mmoja wa kanisa alinitumia video ya meli ya kitalii, halafu akauliza: "Pastor, hii si anasa? Mtu kulipa pesa yote hiyo ili akae baharini bila kufanya kitu?"

Mzee wangu, mimi sioni dhambi hapo. Bwana wetu mwenyewe alilala kwenye mashua, kichwa juu ya mto, dhoruba ikivuma (Marko 4:38). Sisi Wapentekoste tunamsifu sana mtu wa kesha, lakini anayelala mchana tunamwita mvivu. Nami nimo, mke wangu ni shahidi.

Tazama Queen Mary 2, meli inayovuka Atlantiki kutoka Southampton, Uingereza, hadi New York. Safari huchukua usiku saba, na katikati mara nyingi hakuna bandari, ni maji tu. Abiria anaamka akitaka. Anasoma kitabu, anatembea kwenye sitaha, alasiri anamiminiwa chai na mhudumu aliyevaa glavu nyeupe. Hata mbwa wametengewa makao yao humo! Na ikielekea Marekani, saa hurudishwa nyuma kidogo kidogo njiani, kwa hiyo siku nyingine zina saa 25. Mtu anaongezewa saa ya kulala. Nani hataki?

Lakini mpendwa, rudia hiyo video, na safari hii mtazame mwenye glavu.

Meli hiyo hubeba abiria zaidi ya 2,600 na wafanyakazi zaidi ya 1,200. Katika meli za aina hii wengi wao hutoka Ufilipino, India na Indonesia, na vijana wetu Wakenya pia wamo. Mkataba ni wa miezi mingi, na wengi hufanya kazi siku zote saba za wiki. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakubali kiwango cha saa 77 za mapumziko kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa hapo uone kinachobaki.

Sasa fungua Kutoka 20:10. Mungu alipoamuru pumziko hakumtaja mwenye nyumba peke yake. Alimtaja mtumwa, mjakazi, mnyama, na mgeni aliye ndani ya malango. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaeleza sababu: watumishi wapumzike kama wewe.

Kama wewe! Hapo ndipo neno liliponikamata, maana mimi sina nauli ya meli, lakini nina nyumba.

Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya pumziko, mkapiga makofi. Nilifika nyumbani saa nane, nikakuta chapati mezani, za moto. Dada anayetusaidia alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kunipigia pasi suti. Ndiyo, suti ile ile niliyohubiria pumziko. Na kanisani hajafika wiki tatu.

Najua utasema, "Pastor, huyu wetu ni kama mtoto wetu, anakula tunachokula." Sawa. Mtoto wako huosha vyombo hadi saa nne usiku, kila siku, Krismasi ikiwemo? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Bunge limeandika. Sisi watu wa Biblia tunangoja nini?

Nimemwomba msamaha, na haikuwa rahisi, alidhani namfukuza. Kuanzia Jumapili hii siku ni yake. Aje kanisani, alale, aende kwao, sitamuuliza. Mama Pastor atapika mchuzi, mimi nimepewa ugali. Mtakaotutembelea, njooni na subira.

Wa kwako hupumzika siku gani? Niandikie hapo chini.