Msomi Aliyerudi kwa Babu Zake

Ndugu zangu wa Michenga na bonde zima la Kilombero, kijana akisema Kindamba pale stendi ya Ifakara, wenzake humcheka. Aibu hiyo hatukuianza sisi. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Wayahudi wengi wa Ujerumani walikuwa Wajerumani kwa lugha, mavazi na elimu, na mambo ya wenzao wa Ulaya ya Mashariki waliyaona ushamba mtupu.

Aliyewageuza macho ni mwanafalsafa Martin Buber, aliyezaliwa Vienna mwaka 1878 akalelewa na babu yake, mwanachuoni wa maandiko. Hadithi za Wahasidi, wacha Mungu wa huko Mashariki waliodharauliwa, alizikusanya akaziandika kwa Kijerumani kizuri, hata vijana wa mjini wakazipenda. Rafiki yake, Franz Rosenzweig, akafungua shule ya watu wazima ya elimu ya Kiyahudi mjini Frankfurt mwaka 1920, na Buber akafundisha humo. Daktari na mwanasheria walikaa kitako kuanza na alifu, bila haya. Hilo hunivutia kuliko vitabu vyao, ambavyo, tusidanganyane, ni vigumu. Mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka na watoto wa Kiyahudi wakaanza kufukuzwa shuleni, Buber alishika uongozi wa elimu ya watu wazima wa Kiyahudi, mpaka alipohamia Jerusalem mwaka 1938. Elimu ile haikuzuia mauaji ya Wayahudi yaliyofuata. Lakini waliotukanwa kwa Uyahudi wao walikwisha kuujua kuwa ni hazina.

Na sisi? Mwaka 1935 kilitoka London kitabu cha Bwana na Bibi Culwick juu ya Wabena wa mito ya bonde hili. Sura moja ni ya mtawala wao, Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Hakumwachia mgeni kusema yote. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na wajukuu wangapi wamekiona?

Enyi vijana, simu mnazo. Msimu huu mkikaa na bibi kwenye dungu kuwinga ndege wasile mpunga, mwulizeni majina ya samaki, ya mikondo ya mto, na tambiko za ukoo, mrekodi, kisha mwandike kwa Kiswahili na kwa lugha yake. Nanyi walimu, wapokeeni wazee darasani japo saa moja kwa juma. Anzeni mavuno haya, wangali hai.