Bunduki za Oberndorf na ahadi za karatasi

MNAMO Machi 30, 2021, mahakama ya juu zaidi ya kesi za jinai nchini Ujerumani iliidhinisha hukumu iliyotolewa dhidi ya wafanyakazi wawili wa zamani wa kampuni ya Heckler & Koch, mojawapo ya kampuni za kibinafsi zinazotambulika zaidi duniani kwa utengenezaji wa bunduki.

Kesi hiyo ilihusu takriban bunduki 4,200 aina ya G36 zilizouzwa nchini Mexico kati ya 2006 na 2009. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imeruhusu biashara hiyo kwa maelewano kwamba silaha hazingefika katika majimbo ya Chiapas, Chihuahua, Guerrero na Jalisco, ambako polisi walilaumiwa kwa ukiukaji wa haki za binadamu. Zilifika.

Mahakama ya Stuttgart, iliyosikiza kesi hiyo kwanza, iliamua Februari 2019 kwamba vibali vya kuuza bunduki hizo vilipatikana kwa njia ya udanganyifu. Wafanyakazi hao wawili walipewa vifungo vya nje, washtakiwa wengine watatu wakaachiliwa huru, nayo kampuni ikaamriwa kutoa Euro milioni 3.7.

Hata hivyo, kiini cha uamuzi huo hakikuwa pesa. Majaji walisema kwamba cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani hati ambayo mnunuzi hueleza ni nani atakayeshika silaha na wapi, hakikuwa sehemu ya kibali chenyewe. Kosa, kwa hivyo, lilikuwa kusema uongo ili kupata kibali. Bunduki kuishia mahali tofauti na palipotajwa kwenye cheti halikuwa kosa linalojitegemea.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika biashara ya silaha, uamuzi huo ulibainisha kwamba ahadi yaweza kuwa karatasi tu. Ili kufahamu uzito wa jambo hili, yafaa kutazama kampuni hiyo ilikotoka na jinsi bidhaa zake zilivyosambaa.

Heckler & Koch iliasisiwa mwaka wa 1949 katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, kusini magharibi mwa Ujerumani. Mji huo ulikuwa makao ya kiwanda cha Mauser, kilichoyapatia majeshi ya Ujerumani bunduki katika vita viwili vya dunia. Baada ya vita vya pili, Wafaransa waliokuwa wakitawala eneo hilo walikibomoa kiwanda hicho.

Wahandisi watatu waliowahi kukihudumia, Edmund Heckler, Theodor Koch na Alex Seidel, walianzisha karakana yao. Kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imepokonywa silaha, walianza kwa kutengeneza vipuri vya cherehani, vifaa vya baiskeli na zana za kupimia.

Mambo yalibadilika Ujerumani Magharibi ilipounda jeshi jipya mwaka wa 1955. Miaka minne baadaye, jeshi hilo lilichagua bunduki ya G3, iliyotokana na kazi iliyoanzwa nchini Uhispania na wahandisi wa Kijerumani waliohamia huko. Sehemu kubwa ya G3 iliundwa kwa mabati yaliyokunjwa kwa mashine, hivyo haikuwa ghali kutengeneza, wala haikuhitaji mafundi wengi wenye ujuzi wa miaka mingi.

Wepesi huo ndio uliozaa baraka na balaa kwa pamoja. Iliwezekana kuuza bunduki, na pia kuuza ujuzi wa kuitengeneza. Kwa leseni zilizoidhinishwa na serikali ya Ujerumani, viwanda vya kuunda G3 vilifunguliwa katika mataifa kama vile Pakistan, Iran, Uturuki, Saudi Arabia, Ureno na Mexico.

Mwaka wa 1979 utawala wa Shah ulipoanguka nchini Iran, kiwanda hakikuanguka naye. Mitambo ilibaki, ujuzi ukabaki, na utawala mpya ukairithi bunduki ya Kijerumani bila kulazimika kuomba kibali kwa mtu. Hilo lilikuwa onyo la mapema kwamba leseni ikishauzwa haiwezi kurudishwa.

Kampuni hiyo ilizidi kupata sifa. Bunduki yake fupi ya MP5, iliyotokea miaka ya 1960, ilionekana na ulimwengu mzima mwaka wa 1980 makomando wa Uingereza walipovamia ubalozi wa Iran jijini London kuwaokoa mateka. Mwaka wa 1970 iliunda VP70, bastola iliyotangulia nyingine kwa kuwa na kiunzi cha plastiki ngumu.

Si kila jaribio lililofaulu. Miaka mingi ilitumiwa kuunda G11, bunduki iliyofyatua risasi zisizo na ganda. Vita baridi vilipokwisha, soko lake liliyeyuka, na mwaka wa 1991 kampuni ikanunuliwa na Waingereza. Ilirudi mikononi mwa wawekezaji wa kibinafsi mwaka wa 2002.

G36, iliyochukua nafasi ya G3 katika jeshi la Ujerumani miaka ya 1990, nayo iliingia matatani mwaka wa 2015. Aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Ursula von der Leyen, alitangaza kwamba haikuwa na mustakabali jeshini kwa sababu ililaumiwa kupoteza shabaha inapopata joto kali. Mwaka uliofuata, mahakama ya Koblenz iliamua kwamba wizara haikustahili kulipwa fidia. Kampuni ilijikwamua kwa HK416, ambayo jeshi la Ufaransa liliichagua mwaka wa 2016.

Lakini sifa za kiufundi hazijibu swali la Mexico. Usiku wa Septemba 26, 2014, wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walitoweka baada ya kushambuliwa na polisi mjini Iguala, katika jimbo la Guerrero. Uchunguzi ulionyesha kwamba polisi wa mji huo walikuwa na bunduki za G36, ambazo kwa mujibu wa maelewano hazikupaswa kuwa huko.

Wakati huo, miaka minne ilikuwa imepita tangu mwanaharakati wa amani Jürgen Grässlin awasilishe malalamiko kwa waendesha mashtaka. Hukumu ilikuja miaka minne na ushei baada ya mkasa. Sheria ilifika, ila ilifika mazishini.

Wanaoitetea kampuni husema kwamba haiuzi hata bunduki moja bila idhini ya serikali, na kwamba lawama ziende kwa anayetia sahihi. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka wa 2016 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba haitatafuta wateja wapya nje ya mataifa ya kidemokrasia yenye uhusiano wa karibu na muungano wa NATO. Lakini sera ya kampuni si sheria, na haigusi silaha ambazo tayari zimeuzwa.

Kenya haitazami haya kwa mbali. G3 imekuwa silaha ya wanajeshi na polisi wa humu nchini kwa miongo mingi, na imekabidhiwa polisi wa akiba wanaolinda mifugo na vijiji Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Bunduki iliyobuniwa miaka ya 1950 ingali inaamua nani atalala salama Turkana au Baringo.

Isitoshe, Kenya inafahamu vyema jinsi karatasi inavyoweza kusema hili na shehena ikaelekea kule. Mnamo Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ilishikilia kwamba vilikuwa vya jeshi la Kenya. Baadaye, nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizofichuliwa zilieleza kwamba vilikuwa vya Sudan Kusini.

Kuanzia 2015, Ujerumani ilianza kumtaka mnunuzi wa bunduki kukubali wakaguzi wake wazuru maghala baada ya silaha kufika. Hiyo ni hatua ya maana, kwani inaigeuza ahadi kuwa jambo linaloweza kupimwa. Isipofuatwa kwa dhati, itabaki sahihi nyingine katika faili.

Kenya nayo, iliyofungua kiwanda cha bunduki Ruiru mnamo Aprili 2021, imejiunga na wanaounda silaha. Siku itakapotaka kuuza nje, itaulizwa swali lile lile lililoishinda Oberndorf: je, bunduki ikishatoka langoni, ni nani atakayehesabu ilipo? Jibu la swali hilo liandikwe katika kibali chenyewe, kabla ya shehena ya kwanza kuondoka.