Fundi Asikunyamazishie Fyuzi

Kuna sentensi moja ya gereji ambayo wanachuo wengi tunaipokea kama habari njema: "Nimekuungia dairekti, haitakusumbua tena." Tunalipa, tunashukuru, tunaondoka na muziki juu. Mimi nasema mtu akikwambia hivyo, kabla hujawasha gari muulize ameunga nini na nini, na ile fyuzi iko wapi. Kama imetupwa chini pale kwenye mchanga wenye oili, basi hujatengenezewa kitu. Umeondolewa mlinzi, na umelipia.

Naandika haya kwa sababu magari yameongezeka hapa chuoni. Wapo walioachiwa Vitz ya nyumbani. Wapo wanaochukua IST ya mtu jioni na kufanya teksi ya mtandaoni, kusogeza siku mpaka bumu litoke. Na wapo wengi zaidi, mimi nikiwemo, wasio na gari kabisa lakini kila muhula wanapanda la kukodi kwenda fildi, msibani au harusini. Sisi wa kundi hili hatuulizwi chochote na hatuulizi chochote. Tunachanga nauli, tunabanana nyuma, tunaomba AC.

Muhula uliopita tulikodi Noah kwenda Bagamoyo kukusanya data za kozi ya utafiti. Tulikuwa saba na dereva. Tulipokaribia Mapinga ikaanza harufu ya plastiki inayoungua, na mwenzetu mmoja akasema ni watu wanachoma takataka pembeni ya barabara. Kumbe moshi ulikuwa unatoka chini ya usukani. Dereva, Mungu ambariki, hakubabaika. Aliegesha, akatushusha, akafungua boneti na kuchomoa waya hasi wa betri. Moshi ukakata. Alipofunua sanduku la fyuzi tukaona moja imeviringishwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Ilikuwa fyuzi ya soketi ya kuchajia simu. Wiki chache nyuma ilikuwa inakata kila ikibadilishwa, gereji moja "ikamaliza tatizo" kwa namna hiyo. Waya wa chaja ya ziada uliopitishwa nyuma ya dashibodi ulikuwa umechubuka kwenye ukingo wa bati, na hakuna aliyeutafuta. Nilipomuuliza dereva kwa nini alikubali, akanijibu, "Dada yangu, gari si langu, mimi nimekabidhiwa tu." Sina la kumlaumu. Abiria saba, mlango wa kuteleza upande mmoja, na tulikuwa tumepakia mabegi mpaka kwenye miguu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kile kifyuzi chenyewe. Ni kipande cha plastiki chenye miguu miwili na uzi mwembamba wa metali katikati. Uzi ule umepimwa uyeyuke kabla waya haujapata joto la kuungua. Ndiyo maana namba iliyoandikwa juu yake inafuata uwezo wa waya uliopo pale, na wewe huna ruhusa ya kuichagua kwa kupenda. Zile za kawaida za bapa zina rangi zake: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kwenye kifuniko cha sanduku kila tundu lina namba yake. Ukikuta tundu la 10 limekaliwa na fyuzi ya kijani, ujue kuna mtu alikuwa na haraka.

Kanuni ya Ohm tuliikariri wote sekondari, tukaijibu kwenye mtihani, tukaiacha hukohuko. Tuirudie mara moja tu, hata sisi wa Sosholojia. Betri ya gari dogo ni volti 12. Waya ukichubuka ukagusa bodi, ukinzani unaobaki unakuwa mdogo sana; tuseme ohmu 0.1. Gawa 12 kwa 0.1, unapata ampea 120. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 1,440. Hiyo ni pasi ya umeme iliyowashwa na kusahauliwa nyuma ya dashibodi, katikati ya plastiki na sponji. Betri haitalalamika, maana kazi yake ya kila asubuhi ni kuzungusha stata, na stata inakunywa mkondo wa kiasi hicho au zaidi. Fyuzi ya 15 ingekuwa imeshakata kabla hujasema "lo!" Karatasi ya sigara haina haraka hiyo. Na aliyeweka kijani mahali pa nyekundu hajaongeza nguvu ya chochote. Waya ni uleule wembamba, ila sasa umeruhusiwa kuungua.

Kwa hiyo fyuzi ikikata si ugonjwa, ni taarifa. Ikikata mara moja, inawezekana ulichomeka kifaa kilichozidi: ile inveta ya laptop ya wati 300 kwenye soketi ya ampea 15 haiwezekani, kwa sababu 15 mara 12 ni 180 na hesabu imeishia hapo. Badilisha kwa namba ileile, endelea. Ikikata tena papo hapo, kuna shoti, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Fundi wa kweli atashika testa na kufuata waya hatua kwa hatua. Inachosha, inakula muda, na sisi wateja hatutaki kulipia muda. Tunataka kulipia kitu tunachokiona. Nadhani hapo ndipo tunapowafundisha mafundi tabia ya funika kombe mwanaharamu apite. Tunawalaumu bure wakati sisi ndio tunaosema, "We fanya tu itembee."

Na magari yetu haya yana sababu ya ziada ya kuchunguzwa. Mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Redio ya kule imetengenezwa kwa masafa yanayoanzia 76, na nyingi za zamani zinaishia 90, wakati stesheni zetu zinafika 108. Matokeo yake ni kwamba gari likishuka tu bandarini, kitu cha kwanza kuguswa ni nyaya: redio inabadilishwa au inawekewa konveta. Baadaye inakuja alamu, kisha kifaa cha kulifuatilia gari, kisha taa za urembo, kisha chaja ya abiria wa nyuma. Kila mmoja anakata waya wa mwenzake na kuzungushia tepu. Gari lililotoka kiwandani likiwa na mpango linafika kwa mwanachuo wa mwaka wa tatu likiwa na historia ndefu kuliko tasnifu yake. Juu ya yote, maelezo kwenye kifuniko cha fyuzi mara nyingi yameandikwa Kijapani. Hata hivyo kwenye Toyota nyingi vifupisho vya herufi za kawaida vipo, na vinasomeka: HORN ni honi, DOME ni taa ya ndani, TAIL ni taa ndogo za nyuma, CIG ni ile soketi ya kuchajia. Piga picha kifuniko hicho leo, usisubiri usiku wa mvua.

Mengine ni madogo na nitayapita haraka. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, ukiwa umevaa glavu, kisha kaza. Ukifungua betri anza na hasi, ukifunga maliza na hasi; spana iliyoshika chanya ikigusa bodi wakati hasi imefungwa utaona cheche ambazo hutazisahau. Betri iliyojaa na kutulia inasoma kama volti 12.6, na injini ikiwaka inapanda mpaka 14 na kitu. Isipopanda, shida huenda iko kwenye altaneta au nyaya zake, kwa hiyo usikimbilie kununua betri mpya. Taa moja ya nyuma ikizima, anza kushuku globu. Zikizima zote mbili kwa pamoja, anza kushuku fyuzi.

Mwenzangu wa hosteli, ambaye anaendesha teksi jioni, ananipinga. Anasema mimi naongea kama mtu ambaye hajawahi kukwama saa mbili usiku na abiria ndani, fyuzi ya taa kubwa imekata na duka limefungwa. Ana hoja, na sitaki kumjibu kwa hotuba. Jibu langu ni pakiti ndogo ya fyuzi za akiba ndani ya gari, ambayo bei yake haifiki ya sahani ya chipsi kuku, na kama huna, azima ya namba ileile kutoka kwenye redio. Watu watakaa bila muziki mpaka Mbezi, hawatakufa. Masanduku mengi yana hata kikoleo kidogo cha plastiki cha kuchomolea. Alipokwenda kukitafuta kwenye gari lake hakukikuta, lakini alikuta tundu mbili zimeungwa kwa waya. Ameshampigia mwenye gari. Mwenye gari amemwambia aache ujuaji.

Hapo ndipo ninaposema suala hili haliwezi kuachiwa dereva mmoja mmoja. Trafiki akitusimamisha anaweza kuuliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu; sijawahi kumsikia anayeomba kufunuliwa sanduku la fyuzi. Serikali ya wanafunzi inakodi magari kwa jina letu na kwa pesa yetu kila muhula. Inaweza kumtaka mwenye gari afunue sanduku mbele ya kiongozi wa safari siku moja kabla ya kuondoka. Inachukua dakika tano: hakuna waya, hakuna karatasi, rangi zinalingana na namba za kifuniko. Likikutwa na dairekti, linarudi kwa mwenyewe na linatafutwa jingine. Najua tutaambiwa magari yenyewe ni ya shida na bei itapanda kidogo. Ipande.

Nimeandika barua ya maneno hayohayo kwa waziri wetu anayeshughulika na usafiri, na nimeomba Jumamosi moja ya muhula huu wenzetu wa Uhandisi Umeme watuoneshe kwa vitendo, gari likiwa pale uwanjani, boneti wazi. Nimeomba pia akina dada wapewe testa mkononi badala ya kushikishwa tochi. Safari inayofuata ya darasa letu ni wiki ya tisa, kwenda Kilwa, na gari bado halijachaguliwa.