Selimundu na nyonga: Kwa nini tiba ya seli za uboho inategemea kuwahi?

Mgonjwa wa selimundu akilalamika maumivu ya kinena, paja au goti, ni rahisi kwa familia, na hata kwa mhudumu wa afya, kudhani ni maumivu yake ya siku zote. Lakini maumivu hayo yanaweza kuwa dalili kwamba mfupa wa nyonga umeanza kufa.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu, wanaokadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka. Chembe zao nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, ikiwemo ile inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kikikosa damu, kichwa hicho hufa taratibu, kisha hubonyea. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi na ulevi wa kupindukia pia huweza kuleta tatizo hili.

Tiba hii inafanyikaje?

Daktari hufyonza uboho wa mgonjwa mwenyewe kwa sindano kutoka mfupa wa kiuno. Uboho huzungushwa kwenye mashine ili kukusanya seli zenye uwezo wa kujenga mfupa. Kisha hutobolewa tundu jembamba hadi sehemu iliyokufa, shinikizo hupungua, na seli hudungwa humo.

Hii ni tofauti na upandikizaji wa uboho ulioanza mwaka 2023 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Huko uboho hutoka kwa ndugu, na lengo ni kuponya selimundu yenyewe.

Ushahidi unasemaje?

Mwaka 2002, daktari wa Ufaransa Philippe Hernigou alichapisha matokeo ya nyonga 189. Kati ya 145 zilizotibiwa kabla ya kubonyea, 9 tu ndizo zilihitaji kubadilishwa na kuwekwa za bandia. Kati ya 44 zilizokuwa zimebonyea, 25 zilibadilishwa.

Hata hivyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 kwa wagonjwa wa selimundu ulionyesha kuwa kutoboa mfupa bila kuweka seli hakukuwa na manufaa zaidi ya mazoezi ya viungo peke yake baada ya takriban miaka mitatu. Kwa hiyo tundu pekee halitoshi, na seli nazo si muujiza.

Kikwazo kiko wapi?

Kwa mkazi wa Magomeni, umbali si tatizo kubwa: Muhimbili na Taasisi ya Mifupa MOI ziko ng'ambo tu ya bonde la Msimbazi. Tatizo ni muda. Mwanzoni picha ya eksirei huweza kuonekana safi kabisa. Kipimo kinachouona ugonjwa mapema ni MRI, ambacho ni ghali zaidi. Eksirei inapoonyesha mfupa umebonyea, nafasi ya seli imeshapungua sana.

Hapo hubaki nyonga bandia, ambayo huchakaa. Kijana wa miaka 20 anaweza kulazimika kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja maishani, na kwa mwenye selimundu kila upasuaji una hatari zake.

Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia teknolojia ya seli, kliniki za selimundu zinapaswa kumuuliza kila mgonjwa kuhusu nyonga zake. Naye mgonjwa anayechechemea, au mwenye maumivu ya kinena yasiyokwisha kwa wiki kadhaa, asiridhike na dawa ya kutuliza maumivu pekee.