Mbolea tunayo, tuitumie

Mkulima wa mboga wa Mwembesongo, hapa Morogoro, hapaswi kutegemea mbolea ya ng'ambo peke yake. Minjingu, mkoani Manyara, kuna mwamba wa fosfeti unaosagwa kuwa mbolea. Unga wake hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali, kama ulivyo mwingi wa milima ya Uluguru. Hata hivyo, hauna naitrojeni. Mboji ya minyoo, inayotokana na samadi na masalia ya mboga, husaidia kuziba pengo hilo.

Tunaiomba Manispaa ya Morogoro itenganishe taka za sokoni ili masalia ya mboga yawafikie wakulima kwa ajili ya mboji hiyo. Maofisa ugani nao, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo hapa hapa, wawasaidie kupima udongo kwanza. Kazi hiyo ianze kabla ya masika.