Vumbi la vinyago ni hatari
Huenda kabatini mwako mna kikosi cha wapiganaji wadogo wa mti, kila mmoja na ngao yake, ulionunua Kitui au Makueni. Wanapendeza. Lakini msasa unapowalainisha, mchongaji huvuta vumbi. Tangu 1995, Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa saratani, limeorodhesha vumbi la mbao kuwa chanzo cha saratani ya pua.

Mchongaji, fanyia kazi mahali penye hewa, pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, vaa barakoa ya vumbi, leso haitoshi. Pua ikiziba upande mmoja au ikitoka damu mara kwa mara, mwone daktari.

Nawe mnunuzi, unapong'ang'ania kupunguziwa bei, kumbuka barakoa hununuliwa kwa pesa hizo hizo.